Unga Chini ya Kitanda

Vidudu vya unga ndivyo vilivyomwambia Mama kwamba nimeacha chuo.

Ilikuwa Mei 2022, kama saa tatu usiku. Nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye keja yangu ya Umoja, Nairobi, nikampigia simu na kumuuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa: "Mama, unga wa ngano ukiingia vidudu, mtu hufanyaje?"

Mama yuko Kisauni, Mombasa. Ameuza mahamri na mbaazi tangu sijazaliwa. Kumuuliza yeye habari za unga ni kama kumuuliza makanika habari za injini. Hajibu kabla hajakuuliza maswali yake kwanza.

"Unga kiasi gani?"

Hapo ndipo ningedanganya. Ningesema pakiti moja, kwa sababu mwanafunzi huwa na pakiti moja, tena nusu yake ni ya roommate. Lakini nilikuwa nimechoka, na mbele yangu kulikuwa na karatasi za unga zilizochanika na tochi ya simu ikimulika vitu vinavyotembea. Ukweli ukanitoka tu.

"Beli tano na nusu."

Kimya. Nikasikia feni yake ikizunguka kule Kisauni. Beli moja ni pakiti 12 za kilo mbili mbili, na Mama hahitaji simu kupiga hesabu hiyo.

"Kilo mia na thelathini na mbili," akasema. "Mwanafunzi wa uchumi. Kilo mia na thelathini na mbili za nini?"

Sikujibu.

"Vidudu vimeingia lini?"

"Wiki mbili hivi. Labda tatu."

"Na chuo umewacha lini?"

*

Nilikuwa nimeacha Oktoba 2021, mwaka wa tatu ukianza. Sina kisa kikubwa cha kuwapa. Nilikuwa na deni la karo, jina langu halikuwa kwenye orodha ya watu wa kufanya mitihani, na siku moja nikaamka nikaona ni rahisi kulala tena. Kesho yake vilevile. Ukifanya hivyo kwa wiki sita, umeshaacha chuo, hata kama hakuna siku uliyokaa chini ukaamua.

Nyumbani sikusema. Kila Mama akiuliza masomo, nilisema "yanaenda". Si uongo kabisa. Yalikuwa yanaenda, ila mimi sikuwemo.

Februari 2022 akapata zamu yake ya chama. Shilingi 38,000. Alizituma zote kwa M-Pesa, kisha akapiga kuhakikisha. "Lipa yote, baba, usibakishe. Ufanye mitihani na wenzako." Nilisema asante. Nilikata simu nikakaa nikiangalia ile meseji mpaka taa ya simu ikazima.

Siku chache baadaye, tarehe 24, Urusi ikaivamia Ukraine, na redio zote mtaani zikaanza kuongea ngano. Kenya huagiza ngano yake nyingi kutoka nje, na nchi hizo mbili zilikuwa kati ya wauzaji wetu wakubwa. Mimi, mwanauchumi wa miaka miwili, nikajiona nina habari ambayo watu hawana. Bei ya unga itapanda. Mwenye unga wa bei ya zamani ndiye atakayekula. Nitauza mandazi, nitarudisha zile 38,000, nitalipa karo, na Mama hatawahi kujua kulikuwa na shimo hapo katikati.

Bei ilipanda kweli. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya hesabu yangu iliyokuwa sahihi.

Wiki ya kwanza ya Machi nilienda Nyamakima nikanunua beli kumi za unga, gunia la sukari la kilo 50, ndoo ya mafuta mgando, baking poda za makopo makubwa, hamira na iliki. Karai nilinunua Gikomba. Nikabaki na pesa ya kodi ya mwezi mmoja. Mwenye mkokoteni alipofika mlangoni na kuona chumba chenyewe, aliniuliza, "Na wewe utalala wapi?" Nilimwonyesha. Beli nne zikaingia chini ya kitanda. Tatu zikasimama kwenye ukuta. Tatu zikakaa karibu na jiko, juu ya gunia la sukari, na nikazitumia kama meza.

Lazima mwelewe ile raha. Kwetu kwenye ploti watu huishi kwa kadogo: sukari ya kumi, mafuta ya ishirini, unga robo, majani ya chai ya tano. Kila mtu anajua kwamba ukijumlisha zile kumi kumi, kilo yako imekutoka ghali kuliko ya mtu aliyenunua gunia. Tunajua, lakini gunia linataka pesa ya pamoja na mahali pa kuliweka, na sisi hatuna vyote viwili. Kwa hivyo usiku ule wa kwanza, nikiwa nimelala juu ya kilo 96 za unga, nilijihisi tajiri. Niligeuka geuka nikitabasamu gizani kama mjinga.

*

Hesabu yangu ilisema nitatumia kilo sita kwa siku, kwa hivyo beli kumi zingeisha kwa siku 40. Ukweli ni kwamba nilikuwa natumia chini ya kilo mbili. Mtaa ulikuwa na wauza mandazi wake tayari, wanawake waliokuwa wakiamka saa tisa usiku nikiwa bado naota. Wateja wangu walikuwa wale waliowakosa wao. Unga niliouwekea siku 40 ukawa wa miezi minne, na chumba changu hakikuwa cha kuweka unga hata wiki moja.

Ule ukuta niliousimamishia beli tatu ulipakana na bafu ya ploti. Upande wa pili watu 14 walikuwa wakioga asubuhi na jioni. Ukiuwekea kiganja, ukuta ulikuwa baridi na una jasho. Ndani nako nilikuwa nachemsha maji, nakaanga, naanika nguo, mlango umefungwa. Stovu ya mafuta taa ilikuwa hatua mbili kutoka kwa unga. Unga hunyonya. Hunyonya maji ya hewani na hunyonya harufu. Nilikuwa na mandazi yenye ladha ya mafuta taa kwa siku tatu kabla sijajua tatizo ni nini.

Vidudu nilivijua kupitia fundi wa viatu aliyekuwa mteja wangu wa kila asubuhi. Siku hiyo alivunja andazi katikati, akaliangalia, akanirudishia kwa upole. "Kijana," akasema, "hii yako ni iliki yenye miguu."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Nilirudi ndani, nikavuta beli ya ukutani, nikamulika. Vilikuwa vyekundu-kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele, na havikuwa na haraka. Kwenye pembe za pakiti unga ulikuwa umeshikana mabonge. Pakiti mbili zilikuwa na rangi ya waridi kwa mbali na harufu kali, kama ya dawa. Wakati huo sikujua ile harufu inatoka wapi. Siku hizi najua: vidudu hawa wakishakuwa wengi hutoa kemikali inayobadilisha rangi na ladha ya unga wenyewe. Ukifika hapo, chekecheke haiwezi kukusaidia.

Nilikaa na siri hiyo wiki mbili, nikichekecha usiku na kuuza asubuhi. Sijivunii. Kisha nikapiga ile simu.

*

"Na chuo umewacha lini?"

Nikamwambia. Oktoba. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alivuta pumzi, akasema, "Hilo tutazungumza. Sasa nishughulikie unga. Toa pakiti moja moja. Usifungue, nusa kwanza."

Nikanusa. Pakiti 66, saa tatu na nusu usiku, simu ikiwa kwenye spika juu ya ndoo ya mafuta.

"Hiyo yanukia nini?"

"Haina kitu. Unga tu."

"Weka kulia. Nyengine."

"Hii kama... kama dawa."

"Kushoto. Hiyo hata kuku usimpe. Nyengine."

Tulienda hivyo karibu saa moja na nusu. Mara mbili simu ilikatika na mara mbili alipiga yeye. Kulikuwa na fungu la kutupa, fungu la kuchekecha na kutumia haraka, na fungu lililokuwa salama. La kutupa lilikuwa beli tatu kamili, karibu zote za ukutani. Kuhusu fungu la katikati alinionya: chekecheke hutoa wakubwa tu, mayai hupita. "Leo wachekecha, wiki mbili zijazo wenzao hao. Kwa hivyo upike wa kwanza huo, na kama wauza, wauza ukiwa na hakika. Mtu amekupa shilingi yake."

Tulipomaliza ilikuwa inakaribia saa tano. Nikadhani sasa ndiyo atanilaumu. Aliniuliza tu, "Zile pesa wajua ni za nani?"

"Zako."

"Si zangu. Ni za wanawake kumi na tisa. Mimi zamu yangu nimekula, na kila wiki natoa mpaka wa mwisho ale. Wewe utanirudishia. Mia tano kila wiki. Sitaki zaidi, na sitaki ikose."

Shilingi 38,000 kwa mia tano ni wiki 76. Niliipiga hesabu hiyo kabla hajakata simu. Hii nayo ilikuwa sahihi.

*

Kilichofuata ni mafunzo ambayo hakuna chuo kingenipa, ingawa nasema hivyo bila majigambo, maana ningependa pia yale ya chuo.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba Mama, na miaka yake yote hiyo, hana akiba kubwa. Ana pipa moja la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. "La wiki tatu," aliniambia. "Kwani umewahi kuona nimekosa unga?" Pwani kuna joto na unyevu. Sukari hushikana, chumvi hutoa maji, na kwenye joto lile yai la kidudu linaweza kuwa mdudu mzima anayetaga kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kwa hivyo Mama huweka kile anachojua kitaisha kabla mwezi haujafika. Kipimo chake si nafasi iliyopo wala bei ya leo. Kipimo ni kazi yake mwenyewe, ambayo anaijua.

Mimi nilikuwa nimepima kwa woga. Na woga haujui kilo ngapi zinatosha.

Jambo la pili: vidudu mara nyingi havitoki kwako. Mayai huja na unga kutoka kinuni au stoo ya duka, na karatasi si kizuizi. Kwa hivyo unga mpya ni mgeni, lazima akae kando kwanza. Mama hupeleka pakiti zake kwa jirani anayeuza barafu za ukwaju, zikalala kwenye friza siku nne. Baridi hiyo huua mayai. Lakini ukizitoa usizifungue hapo hapo. Ziache zipate joto la chumba zikiwa zimefungwa, la sivyo zitatoka jasho na utakuwa umejiletea ukungu kwa mkono wako. Mimi nilipatana na mama wa duka la maziwa pale chini. Pakiti nne kwa wakati mmoja, na mandazi mawili kila Jumamosi kama kodi.

Jambo la tatu: usimwage mpya juu ya zamani. Pipa liishe, lioshwe, likauke juani mpaka ndani, ndipo lijazwe. Ukimwaga juu, wa chini hautaisha maisha yake yote, na huko chini ndiko ukoo wa vidudu huanzia. Mimi hubandika kipande cha selotepu nikaandika tarehe.

Jambo la nne: pipa halifunguliwi kila siku. Toa wa siku tatu nne, weka kwenye kopo dogo, funga pipa. Kijiko kiwe kikavu. Pipa likae juu ya vipande vya mbao, mbali na sakafu, na shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite. Sabuni, mafuta taa na kitunguu vikae upande mwingine wa chumba, kama kuna upande mwingine.

Vingine kila kimoja kina tabia yake. Sukari haiozi, adui zake ni maji na sisimizi. Ikishikana ivunje, ni ileile. Unga mweupe ukikaa pakavu na kufungwa vizuri hustahimili miezi mingi, lakini atta usiuamini, kwa sababu pumba na kiini cha ngano vina mafuta, na mafuta huchacha. Mafuta mgando vilevile, hasa yakikaa penye joto na mwanga. Iliki nunua na maganda yake, usage siku ya kupika. Baking poda haina harufu ya kukuonya. Inakufa kimya kimya. Weka kijiko kidogo kwenye maji ya moto: ikifoka, iko hai. Hamira iweke kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo, usubiri dakika kumi. Isipotoa povu, usipoteze unga wako.

Makopo yangu yale makubwa ya baking poda, niliyonunua kwa kujiona mjanja, yalikufa moja baada ya jingine kwa mvuke wa chumba. Niliyapima yote siku moja. Hakuna lililofoka. Ni kitu kidogo, lakini ndicho kilichonifanya nilie, si zile beli tatu.

*

Nililipa mia tano ya mwisho Novemba 2023. Wiki mbili katikati nilikuwa nimesota kabisa na nikakopa ili nisikose. Mama alijibu kila malipo kwa neno moja: "Imefika." Ya mwisho pia alijibu hivyo. Nilikaa nikisubiri ya pili, haikuja. Kesho yake asubuhi akanitumia picha ya mahamri kwenye sinia, bila maneno.

Mandazi niliacha kuuza mwaka uliofuata, nilipoanza kupata kazi za kuandika za kutosha kodi. Pipa sikuliacha. Lina kilo 12, na hupika mwenyewe Jumamosi kwa ajili yangu, mama wa maziwa na watoto wa jirani.

Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipotaka kuweka ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, majirani watatu walinigongea mlango wiki moja kuniuliza unga huwekwaje. Mmoja alikuwa tayari ana beli sita nyumbani, chini ya kitanda. Ushuru huo wa mkate uliondolewa hata kabla ya maandamano ya tarehe 25, lakini beli zake zilikuwa bado pale. Sikumcheka. Najua hali ya mtu anayesikia kesho itakuwa mbaya na kitu pekee anachoweza kukifanya ni kubeba. Mnakumbuka Machi 2020, rafu za supamaketi? Nilimuuliza swali la Mama tu: "Kwa wiki mnatumia kilo ngapi?" Hakujua. Tukakaa kwenye ngazi tukahesabu, chapati za Jumapili, uji, mandazi ya watoto. Ikatoka kilo tatu. Beli sita zilikuwa za karibu mwaka mzima. Mbili akabaki nazo, nne akagawana na dada zake.

Kuna jambo moja ambalo Mama hajawahi kuniuliza tangu usiku ule: kama nitarudi chuo. Sijui kama amenisamehe au ananisubiri. Mimi mwenyewe sina jibu, na nadhani analijua hilo. Lakini kila Jumapili jioni akipiga, baada ya habari za afya na za mtaa, huuliza, "Unga wako uko vipi?" Na mimi huinuka nikafungue pipa, ingawa angeniamini hata nisipoinuka. Jumapili iliyopita ulikuwa umebaki nusu. Selotepu ilisema wiki mbili.

"Nusa," akasema.

Nikanusa.

"Hauna kitu, Mama. Unga tu."